Ndege ya Nusu kwa Nusu

Jamleck Mwaura hakupenda majengo ya Upper Hill. Maegesho yake yalijaa kabla watu hawajanywa chai, na bawabu wa mlangoni alimwandika jina kana kwamba amekuja kuiba viti. Lakini asubuhi hiyo alipanda mpaka orofa ya tisa bila kunung'unika. Huko ndiko tume ya usafiri wa anga ilikokuwa ikigawa lango nambari mbili la uwanja wa ndege, na Jamleck alilitaka lango hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu anunue ndege yake ya kwanza.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwaka uliotangulia, kampuni mbili kubwa za ndege, Kipungu na Mrembe, ziliungana zikawa moja. Kila moja ilikuja na malango yake katika jengo la safari za ndani, kama watu wanaooana ukubwani, kila mmoja na sufuria zake, na harusi ilipokwisha wakawa wameshika karibu malango yote. Kampuni ndogo kama Korongo, ile ya Jamleck, zikabaki kusukumana kwenye lango la mwisho kabisa, kule karibu na vyoo. Hata hilo Korongo haikulipata kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa kampuni nyingine saa nne si neno. Kwa Jamleck ilikuwa balaa. Ndege zake ziliruka kwenda Lodwar, na Lodwar jua likishapanda, hewa inakuwa moto na nyepesi, ndege ndogo inakataa kunyanyuka na mzigo kamili. Rubani anaanza kushusha. Tangu kampuni zile zioane, Jamleck alikuwa ameacha kiwanjani magunia ya samaki wakavu, masanduku ya hospitali, na abiria wenye tikiti zao mkononi, nao walimtukana kwa kila lugha waliyoijua. Wateja wakaanza kupungua. Kipungu Mrembe wenyewe walikuwa wamemwandikia mara mbili wakitaka kuinunua Korongo, mara ya pili kwa adabu pungufu kuliko ya kwanza. Asipopata lango la asubuhi angewauzia. Mkewe alikuwa ameshaambiwa.

Kilichofungua njia ni pupa yao. Watu walianza kuona Kipungu Mrembe wakirusha ndege kubwa alfajiri na abiria wanane ndani, ili tu isisemwe kwamba lango halitumiki. Malalamiko yakafika kwenye tume, na tume ikawaamuru waachilie lango moja. Sharti lilikuwa jepesi kulisema: mwombaji awe na ndege nne zinazofanya kazi. Asipotokea mwenye nne, lango linabaki kwa wenyewe.

Jamleck alikuwa na ndege tatu na nusu.

Hiyo nusu waliinunua kwa mnada yeye na Amarjit Singh, mwenye Sitara Air, kampuni moja ilipofilisika na mali yake kupigwa nyundo. Walikubaliana juu ya kikombe cha chai barazani kwa Amarjit, Spring Valley: mpaka saa nane mchana ndege ni ya Jamleck, kutoka hapo ni ya Amarjit, anayepeleka watalii Malindi. Ikirudi kutoka Lodwar, mafundi walimbandua korongo mwekundu ubavuni wakabandika nyota ya buluu, na asubuhi wakafanya kinyume. Hakuna aliyeona ajabu. Wenye ndege ndogo waliazimana mpaka magurudumu.

Kuhusu lango, Jamleck hakumwambia Amarjit kitu. Amarjit alikuwa akiaga kila mwaka kwamba anaacha biashara, anakwenda Canada kukaa na wajukuu. Mtu wa namna hiyo ana haja gani na lango? Basi Jamleck akampa kazi Shiku, binti wa dada yake, anayesimamia ofisi yao ya katikati ya jiji, apige picha ndege zote nne. "Ile ya nusu ipige asubuhi," alimwambia, "ikiwa na korongo."

Sasa alikuwa ameketi safu ya pili, Shiku kando yake na tarakilishi mapajani, wakati mlango ulipofunguka akaingia Amarjit Singh mwenyewe, suti ya kijivu, kilemba cha rangi ya divai, ndevu zimechanwa kama za kwenda harusini.

Waliangaliana.

"Mwaura! Wewe nani amekuleta hapa?"

"Miguu. Na wewe?"

"Nimekuja tu kusikiliza," Amarjit alisema, akaenda kuketi kule mbele, kwenye viti vya waombaji.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini, Madam Nanjala, aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani kila alipochoshwa. Alimwita Sitara kwanza. Amarjit akasimama, akaeleza habari za marehemu baba yake, Harbans Singh, aliyeanza na kindege kimoja cha kunyunyizia dawa mashamba ya ngano. Kisha akaonyesha picha ukutani. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilipotokea, Shiku alimkanyaga mjomba wake mguu.

Ubavuni palikuwa na nyota ya buluu, sawa. Lakini puani palikuwa na kiraka cha bati chenye rangi isiyolingana na nyingine, pale ilipogongana na ndege mla mizoga wakati ikitua. Jamleck alikikumbuka kiraka kile. Ni yeye aliyekigharamia.

Upande wa pili wa chumba aliketi Aly, wakili wa Kipungu Mrembe, kijana nadhifu aliyekuwa akitabasamu tangu asubuhi. Aliinua mkono. "Madam, wateja wangu hawana kinyongo na mtu. Tunaomba tu kwamba kabla ya uamuzi, ndege za waombaji wote wawili zisimamishwe pamoja uwanjani, tume izione kwa macho. Ni nane tu. Si kazi kubwa."

"Ombi la haki," alisema Madam Nanjala. "Tutafanya hivyo kesho. Tukanywe chai, kisha tuwasikilize Korongo."

Jamleck, Shiku nyuma yake, alimkuta Amarjit kwenye korido, karibu na mtungi wa maji.

"Singh, ile ya nne ni ipi?"

"Wewe unaijua."

"Naijua sana. Nusu yake ni yangu."

"Mimi nimeonyesha ile nusu ingine."

"Picha ina mabawa mawili, Singh!"

"Punguza sauti, bwana. Na yako iko ngapi?"

Jamleck aligeukia mtungi wa maji. Amarjit akamtazama Shiku, akaitazama tarakilishi, akacheka kwa pua. "Nne. Nilijua. Mwizi anashika mwizi."

"Si ulisema unaenda Canada kulea wajukuu?"

"Nilienda. Baridi, ndugu yangu! Na hao wajukuu wananipigia simu wakiwa chumba ya pili. Nikarudi kwa kazi yangu."

"Na hukuniambia."

"Na wewe uliniambia nini? Jumapili ulikuwa kwa nyumba yangu, umekula bajia za bibi yangu sahani mbili, ukasema lango ni mambo ya wakubwa, tuachane nayo. Kwa mdomo hiyo hiyo yenye bajia."

Jamleck alikuwa amesema hivyo hivyo kweli, na bajia zilikuwa tamu.

"Toa jina lako," alisema hatimaye. "Wewe Malindi unaenda hata jioni. Mimi bila asubuhi nimekwisha."

"Nitoe jina ya baba yangu? Nimfuate kule juu nimwambie, Papaji, niliachia Mwaura?" Amarjit alitikisa kichwa. "Afadhali turudi nyumbani wote bila lango. Toa wewe."

"Sitoi."

"Basi tumemaliza."

Aly alipita na kikombe chake, akasimama kwa heshima. "Wazee wangu, habari ya asubuhi. Naona mna kikao chenu." Kisha kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo: "Mzee Mwaura, ile barua yetu bado iko mezani. Ila sijui itakaa hapo mpaka lini."

Alipokwisha kwenda, Amarjit naye akarudi ndani. Shiku akasema, "Anko, huyo wakili hajui kitu. Lakini hata hahitaji kujua. Kesho wakizipanga pale uwanjani ni saba. Watu wa tume wanajua kuhesabu."

"Najua."

"Sasa hiyo picha nitoe ama niache? Nikitoa tuko na tatu, tumeanguka. Nikiacha tunaanguka na huyu mzee pamoja."

Jamleck alisimama akiangalia nje ya dirisha. Chini, magari yalikuwa yamekwama kuelekea hospitali kubwa. Alifikiria kumwacha Amarjit aanguke peke yake. Angesema tu kwamba picha ile ni ya uongo. Lakini Amarjit angesema hivyo hivyo juu yake, na Aly angeondoka na lango mfukoni bila kutoka jasho. Akafikiria kunyamaza na kutoa yake. Sitara ingepata lango. Halafu? Angekuwa anaomba nafasi kwa Amarjit kama alivyokuwa anaomba kwa Kipungu Mrembe, na Amarjit alikuwa rafiki wa kweli mpaka mahali biashara inapoanzia.

"Iache," alisema.

Walipoitwa, hakuanza na historia ya Korongo. Alimwambia Shiku aonyeshe picha ya nne moja kwa moja. Ikatokea ukutani, korongo mwekundu ubavuni, kiraka puani.

"Hii mmeiona saa moja iliyopita," Jamleck alisema. "Ni ile ile. Nusu ni yangu, nusu ni ya Singh yule pale."

Mtu wa nyuma alicheka kwa sauti. Amarjit alishika kilemba kwa mikono miwili. Madam Nanjala akavua miwani.

"Bwana Mwaura, unaniambia kampuni mbili zimekuja mbele ya tume hii na ndege moja?"

"Ndiyo, Madam. Kila mmoja kwa kumficha mwenzake."

Aly alikuwa ameshasimama. "Madam, basi hakuna hata mmoja aliyetimiza sharti. Wateja wangu wanaomba lango libaki lilipo."

"Kijana, sijamaliza," alisema Jamleck. "Yeye ana tatu, mimi nina tatu, na hiyo. Ni saba. Wengine wameungana wakapewa malango tele na hakuna aliyekufa. Sisi tunaungana leo, hapa. Mkizipanga kesho zipangeni kama za kampuni moja."

Madam Nanjala akainama akanong'onezana na wenzake wawili, kwa muda mrefu kuliko Jamleck alivyopenda. Kisha akainua kichwa.

"Hilo linaweza kusikilizwa, mkileta hati zenu kabla ya Ijumaa na mkipata kibali. Lakini siwezi kumpa lango mtu asiye na jina. Ninaandika jina moja. Lipi?"

Jamleck alimwangalia Amarjit. Yule mzee alikuwa ameketi wima, midomo imefungwa, mikono juu ya magoti. Asingesema. Angekaa vile mpaka jioni, mpaka wafagizi waje, na afadhali angerudi Spring Valley mikono mitupu kuliko kulitamka jina lingine mahali pa lile la Harbans. Jamleck alimjua.

Jina la Korongo Jamleck alilichora yeye mwenyewe, kwa kalamu ya fundi, juu ya kipande cha boksi. Watoto wake walilijua lile jina kabla hawajajua kusoma. Kule Lodwar watu hawakusema wanapanda ndege. Walisema wanapanda Korongo.

"Andika Sitara," alisema.

Shiku alivuta pumzi. Amarjit aligeuka taratibu, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemtarajia.

"Lakini andika na hili pia," Jamleck aliendelea. "Lango likifunguliwa, wa kwanza ni Lodwar. Mpaka saa tatu hakuna Malindi hapo."

"Saa mbili," alisema Amarjit papo hapo.

"Saa tatu. Umepata jina, Singh."

"Watalii yangu wanataka kulala kwa ufuo, si kwa benchi! Saa mbili."

"Na watu wangu wanataka kufika wakiwa na mizigo yao. Saa tatu kasorobo."

"Mbili na nusu. Mwisho."

"Hapa si soko la Gikomba," alisema Madam Nanjala, ingawa alikuwa ameshaanza kuandika. "Mbili na nusu. Bwana Singh, umekubali mbele ya kikao?"

Amarjit alisimama. Akanyoosha koti la suti. "Nimekubali," alisema. "Asubuhi ni ya Mwaura."

Aly alikumbusha kwamba kuungana kwenyewe kunahitaji kibali na huchukua muda. Madam Nanjala alimwambia hilo ni kweli kabisa, na kwa kuwa wateja wake waliipita njia hiyo juzi tu, labda wangewaelekeza wazee hawa.

Walishuka kwa lifti. Chini, Amarjit alimwambia Jamleck waende Spring Valley wakaanze kuandikiana, maana Ijumaa ni karibu. Jamleck akasema atakuja nyuma yake. Shiku alikwenda kutafuta gari. Alikuwa hajamwangalia mjomba wake usoni tangu watoke orofa ya tisa.

Jamleck alisimama kivulini akampigia Ekai, wakala wake wa Lodwar.

"Ekai. Kibali kikitoka tu, ndege itakuwa inafika huko saa mbili asubuhi."

"Saa mbili? Na mizigo?"

"Yote. Hata wale wa samaki uliowarudisha nyumbani, waambie."

Ekai alipiga kelele mpaka Jamleck akaiondoa simu sikioni. Alisikika akiwaambia watu waliokuwa karibu naye, nao wakajibu kwa vigelegele. Kisha akarudi. "Mzee, Korongo imeshinda!"

Gari lilikuwa limefika. Shiku alikuwa ameshusha kioo, anamngoja.

"Saa mbili, Ekai," Jamleck alisema. "Wasichelewe." Akakata simu, akapanda.