Mgomba Uliozikwa

Kagaruki alikuwa amepiga magoti akipalilia kaburi lake mwenyewe, kwenye kibanja chake, shamba la migomba la Nshamba. Msalaba ulikuwa na jina lake na cheo chake, koplo. Ndani hamkuwa na mtu. Alipopotea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Kongo, alikopelekwa kulinda amani, ukoo uliungoja mwili mpaka ukachoka, ukazika mgomba badala yake, kama mila inavyotaka. Serikali ikaleta nishani ya ushujaa, kwa kuwa aliwavusha majeruhi mto huku risasi zikimiminika. Mdogo wake Rwekaza akasimikwa mrithi. Akapata nishani, kibanja, hata mke.

Kisha marehemu akatoroka mikononi mwa waasi waliomteka, akarudi kwa miguu. Hapo ndipo alipokosea.

"Nirudishie nyumba yangu, Rwekaza."

"Waitu, kaka yangu, ukoo ukishazika haufukui," Rwekaza alijibu. "Nimekupa kazi, unakula. Muulize mheshimiwa."

Mheshimiwa alikuwa ofisa aliyetoka Muleba kukagua kaburi kabla ya sherehe ya mashujaa. Hakumtazama Kagaruki usoni.

"Aliyekufa ni shujaa," alisema. "Ukisema ndiye wewe, nitakuuliza ulikuwa wapi miaka yote hii. Askari anayepotea na kurudi peke yake anaitwa mtoro, na mtoro anafungwa. Tufunike kombe mwanaharamu apite, mzee."

Evodia, aliyekuwa mke wake, alipita na ndoo ya maji kichwani. Aliinamisha macho. Binti yao Klaudia alifundishwa kumwita kibarua, na alimwita hivyo kwa adabu kabisa. Hilo lilimuuma Kagaruki kuliko risasi iliyobaki pajani.

"Na hicho nini?" ofisa aliuliza.

Upande wa kichwani mwa kaburi, chipukizi lilikuwa limetoboa udongo. Wazishi, kwa haraka yao, waliuzika mgomba pamoja na mizizi yake, nao ukakataa kufa.

"Kiondoeni. Kesho tunamwaga zege."

Rwekaza akamkabidhi panga. Kagaruki alilishika lile chipukizi, bichi, limejaa maji. Angeshtaki kwa nani? Akakata.

Mizizi aliiacha chini. Kesho yake aliitwa yeye kulisawazisha zege juu yake, na alilisawazisha vizuri, maana Rwekaza alikuwa amesimama pale akimsimamia, nishani kifuani.