Lastiki ya Chuma

Ulipita ukaangalia pembeni. Usikatae. Pikipiki ya mkunga ilikuwa barazani kwake, oili inachuruzika kutoka shokapu za mbele hadi kwenye breki, nawe ukajifanya unasoma simu. Ofisi iliyompa pikipiki hiyo ilimwambia mwaka juzi, "Fundi anakuja." Mwaka jana ikamwambia hivyo hivyo. Mpaka breki ikakataa kushika kwenye mteremko, mama wa watu akaishia mtaroni, amekumbatia mkoba wake wa kuzalishia. Na ng'ambo ya mteremko huo kuna mwanamke mwenye mimba pevu anamsubiri.

Mume wa mkunga, fundi cherehani, akasema basi, ataifungua mwenyewe.

"Wewe? Cherehani yako ikikwama unaita mtu!"

"Mama watoto, shika spana, punguza maneno."

Wakaegemeza injini juu ya kreti, wakatoa tairi, wakamwaga oili nyeusi inayonuka kama samaki aliyeoza. Fundi akang'oa sili zilizochoka, zile pete za mpira zinazozuia oili. Akavisha ncha ya kila bomba la shokapu mfuko wa plastiki ili mpira mpya usichanike, akatelezesha sili, akaigongea taratibu. Oili mpya, tairi mahali pake. Mkunga akapanda, akabana breki, akakandamiza usukani.

Kulia kukavu. Kushoto oili ikatoka.

"Huku umefanya nini?"

"Kama kule. Ila ya huku ilikuwa na uzi umechomoza, nikautoa."

"Uzi? Kwenye mpira?"

Fundi akatazama kimto cha pini alichofunga mkononi. Kiduara cha springi, chembamba mno, kilining'inia pale. Alikuwa amekichomoa bila kufikiri, kama anavyochomoa nyuzi za bandi, zile za kushikiza kwa muda, kwenye kila nguo.

"Baba watoto! Umeipunguza nyuzi pikipiki!" Mkunga akacheka mpaka akashika ukuta.

Wakafungua tena. Sili ikatoka nzima, bahati yao. Fundi akakirudisha kiduara kwenye mfereji wake, na mdomo wa mpira ukajikusanya mbele ya macho yao.

"Lastiki," akanong'ona. "Mke wangu, hii ni lastiki. Kama ya kiuno cha sketi."

Miaka yote ameshona viuno, kumbe kuna kiuno kinachobeba roho za watu! Kitu chepesi kuliko pini kinazuia oili, breki inabaki kavu, mkunga anafika. Wakakandamiza usukani. Shokapu zikazama, zikapanda polepole kama kifua cha mtoto aliyelala, bomba likang'aa bila tone. Mkunga, aliyezoea kuona pumzi ya kwanza ya binadamu, akaliwekea kiganja.

Simu ikaita kutoka ng'ambo. Akavaa mkoba, akapanda pikipiki, akashuka nayo mteremko. Fundi alisimama barazani bila kupepesa macho, mpaka alipoona taa ya breki ikiwaka chini kabisa na pikipiki ikitulia pale pale.

Ilishika. Lakini wakunga wengine waliopewa pikipiki na ofisi ile je, wana waume wa namna hiyo? Inuka. Nenda kwenye ofisi hiyo sasa hivi, udai sili, oili na fundi, na usibanduke mlangoni mpaka vitoke.