Bati la Averton

Jumanne saa mbili asubuhi Jaswant Singh alimaliza chai yake, akafuta mikono kwa gazeti, akaanza kupima mlango wa nyuma wa gari lililokuwa kwenye gereji yake pale Kibomet, Kitale. Gari lilikuwa Averton ya mwaka 1974, moja kati ya manane ambayo kiwanda kiliyaunda kwa mkono na kuyaleta Kenya kujaribiwa kwenye barabara za Mlima Elgon, kabla ya kuanza kuyatengeneza kwa wingi. Saba yalirudishwa ng'ambo. La nane lilivunjika giaboksi karibu na Suam, na wenyewe wakamwachia babake Jaswant.

Averton zilizouzwa kwa watu zilifika miaka miwili baadaye. Kwa mbali zilifanana na hili. Kwa karibu, vishikio vya milango vilikuwa vya plastiki badala ya chuma cha kung'aa, na kifuniko cha tangi kilikuwa kimehamishwa kutoka ubavuni hadi nyuma, chini ya nambari ya gari. Ekseli peke yake haikubadilishwa, na Jaswant alikuwa anatafuta ekseli. Alisikia kwamba kule Kapsokwony kuna mkulima aitwaye Kimeli mwenye Averton iliyoungua. Akatuma lori.

Kimeli alikuja na lori hilo, amekaa mbele na mkewe Jerono. Alikuwa na miaka sabini na sita. Alisimama kando ya mabaki ya gari lake yakishushwa nyuma ya lile la Jaswant, akaeleza bila kuulizwa.

"Ilikuwa sabini na tisa. Nilikuwa napeleka viazi Bungoma, na msichana wangu Chepkemoi amekaa nyuma. Alikuwa wa miaka nane. Lori ikatugonga kutoka nyuma. Tangi ikapasuka, moto ikaingilia kwa kiti ya nyuma. Mimi watu walinivuta."

"Na ripoti?" Jaswant aliuliza.

"Waliandika ati nilibeba petroli kwa buti ya gari. Nikafungwa miaka tatu. Leseni wakachukua, ati nisiendeshe tena maisha yangu yote."

Jerono alipangusa vumbi kwenye fremu ya dirisha la nyuma kwa ncha ya leso, kisha wakarudi nyumbani.

Jumatano Jaswant alipofungua gereji, gari lililoungua lilikuwa na vishikio vya chuma cha kung'aa. Alivipima. Vililingana na vya gari lake, akaandika vipimo kwenye daftari. Alhamisi kifuniko cha tangi kilikuwa kimehamia ubavuni, na rangi ilikuwa imeanza kurudi kuanzia paa kushuka. Siku hiyo alikuwa na trekta la kutengeneza, kwa hiyo hakulitazama tena hadi jioni.

Ijumaa aling'oa kiti cha nyuma cha gari la Kimeli. Averton zote za kuuzwa alizowahi kufungua zilikuwa na kadibodi ngumu kati ya kiti na tangi. Hapa palikuwa na bati la chuma, nene kama sarafu, limechomelewa pande zote. Alifungua na gari lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akakuta bati kama hilo. Kwenye bati la gari lake mtu wa kiwandani alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa Kiingereza, maneno ambayo maana yake ni: Liondolewe, linaongeza uzito na gharama. Chini yake palikuwa na sahihi na tarehe.

Jaswant aliyapiga picha maandishi hayo. Halafu akarudisha viti.

Jumamosi asubuhi Chepkemoi alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari la babake, amevaa gauni la manjano, anauliza kama wamefika Bungoma. Jaswant alimwambia bado, akampigia Kimeli simu.

"Mzee, kuja. Mtoto amerudi."

"Amekula?" Kimeli aliuliza.

"Nimempatia mkate."

"Haya. Tunakuja."

Jerono ndiye aliyefungua mlango. Alimshika mtoto uso kwa mikono miwili, akamnusa nywele, akamwambia amekonda. Alipojaribu kumtoa nje, mguu uliotangulia ulianza kutoa moshi, na Chepkemoi akaurudisha ndani. Jerono akaingia akakaa naye. Kimeli alibaki amesimama, ameshika paa la gari.

"Baba, umezeeka," Chepkemoi alisema.

"Ni kweli, mama. Nimezeeka."

Jumatatu injini ya gari la Kimeli ilikubali kuwaka. Jaswant aliliendesha, na Kimeli, Jerono na mtoto wamo ndani, hadi Bungoma, kwenye ofisi inayotunza faili za kesi za zamani. Karani aliyeitwa Eliakim alitoka nje na faili, akazunguka gari, akalinganisha nambari ya chasisi. Ilikuwa yenyewe. Akasoma maandishi mekundu kwenye picha aliyoonyeshwa na Jaswant, akatazama bati, akaligonga kwa kidole.

"Hii haisaidii, mzee," alimwambia Kimeli. "Faili inasema gari ilikuwa na kadibodi. Hii iko na chuma. Kwa hivyo si ile gari."

"Nambari si ni ile ile?"

"Nambari ndiyo. Lakini gari, hapana."

"Ilikuwa viazi," Chepkemoi alisema kutoka ndani. "Magunia mbili. Petroli haikuwa."

Eliakim aliinama akamtazama dirishani kwa heshima. Akafungua ukurasa mwingine.

"Huyu ndiye Chepkemoi?"

"Ndiye," Jerono alisema.

"Pole sana, mama. Hapa ameandikwa marehemu. Siwezi kuchukua maneno ya marehemu." Alifunga faili. "Na leseni ya mzee inabaki vile ilikuwa. Si mimi, ni vile imeandikwa."

Jaswant alituma barua kiwandani, na picha ya bati ndani yake. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, likimshukuru kwa kuyapenda magari yao ya zamani.

Siku hizi gari liko Kapsokwony, kwenye uwanja wa nyumba ya Kimeli. Jerono hupeleka chakula huko na kula naye humo humo. Chepkemoi haongezeki kimo. Amefundishwa kusoma saa na kufuma, na watoto wa majirani huja kucheza naye kupitia dirishani baada ya shule.

Jumapili wakitoka kanisani, mtoto huomba waende safari. Kimeli hakai nyuma ya usukani, kwa sababu amekatazwa. Jerono hushika usukani, Kimeli huvua koti la kanisani na kulitundika kwenye ua, halafu huweka mikono nyuma ya gari, juu ya buti, na kulisukuma polepole kuzunguka uwanja. Kuhusu kusukuma hakuna kilichoandikwa.

"Haraka, Baba," Chepkemoi husema.

Naye huongeza nguvu.