Jasho la Mjomba

Mjomba wangu alizaliwa mwongo, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya kulipwa kwa uongo huo. Hospitali ilikuwa inafanya utafiti kwenye idara ya dharura. Walitaka kujua madaktari wanateleza wapi pale mtu anapokuja moyo unamuua, yeye analalamika tumbo. Basi wakaajiri wagonjwa bandia. Unakaa foleni na wagonjwa wa kweli, unamwambia daktari una kiungulia, na mtazamaji anaandika daktari kauliza nini na kasahau nini. Madaktari walijua wanapimwa, ila hawakujua mgonjwa bandia ni yupi.

Mtazamaji nilikuwa mimi. Nilikaa pembeni kama ndugu wa mgonjwa, wala sikuhitaji kuigiza. Kazi yangu nyingine ilikuwa ya chooni: kabla hajaingia tunajifungia humo, namnyunyizia maji usoni kwa kichupa kile cha vinyozi, aonekane anatoka jasho. Maana Mjomba anaweza kulia, kuchechemea, hata kutapika kwa kuamua. Jasho tu ndilo lililomshinda.

Bosi wa utafiti, daktari mama mmoja asiyecheka hata ukimtekenya, alitupa sharti moja: mtazamaji hafungui mdomo mpaka daktari amalize. Ukiongea, umeharibu kazi ya miezi. Mama yangu naye alinipa lake. Kwao wamebaki wawili tu, yeye na kaka yake. Nimpeleke nikitaka, ila nimrudishe mzima.

Siku hiyo mgonjwa bandia wa zamu hakutokea, ikabidi Mjomba arudi chumba kilekile alichoingia wiki iliyopita, kwa daktari yuleyule. Hapo ndipo tulipochemka. Tena tulichelewa, na nesi akamwita hatujatua vizuri.

Daktari, kijana mwenye kalamu sikioni, alimwona tu akatabasamu.

"Shikamoo mzee. Kiungulia bado kipo?"

Mjomba akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Akasema kinamchoma hapa, akaweka ngumi katikati ya kifua. Sisi tulifundishwa kushika tumbo. Nikasema moyoni, mzee kanogewa, leo anaongeza vya kwake.

Daktari akanikonyeza. Akamwambia nesi ampe dawa ya kiungulia, akamgeukia mama mmoja aliyevunjika mkono. Kipimo cha moyo hakuagiza. Nikaandika hilo huku nachekea tumboni, kwa sababu ndilo kosa lenyewe tulilokuwa tunaliwinda.

Jasho likamshuka Mjomba kutoka kwenye nywele, likapita kwenye nyusi, likadondokea kwenye kola. Nikafurahi, maji leo yamekaa vizuri. Nikapeleka mkono mfukoni kurudisha kalamu, nikagusa kichupa. Kimejaa mpaka shingoni.

Chooni hatukupita.

Nikamtazama upya. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na vidole vilikuwa vimeng'ang'ania kiti. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, macho yake hayakuwa na utani hata chembe. Nikageukia mlangoni. Bosi alikuwa nyuma ya kioo cha mlango, kaweka kidole mdomoni. Nyamaza.

Nikasimama.

"Daktari, huyu haigizi."

Hakugeuka hata kidogo. "Ndugu yangu, kazi yenu naijua. Msiniongezee chumvi."

Nikakitoa kichupa, nikakiweka mezani mbele yake.

"Hilo jasho si letu. La kwetu liko humu."

Akakitazama kichupa, akamtazama Mjomba. Kalamu ikamdondoka sikioni. Kufumba na kufumbua shati lilikuwa limefunguliwa na nyaya zimebandikwa kifuani. Mashine ikatema karatasi, daktari akaisoma huku ameshaanza kukivuta kitanda. Mkono wa Mjomba ulikuwa umeshika wangu, baridi kama samaki. Mlangoni nesi akatutenganisha, wakamwingiza chumba cha ndani.

Nikabaki kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguka nilitafuta nyuso za waliotoka, na kila uso ulinikwepa. Simu ya Mama ikaita, nikaitazama mpaka ikakata. Ikaita tena. Ningemwambia nini, kwamba kaka yake alikuwa anakata roho pembeni yangu na mimi naandika? Bosi akaja akakaa karibu nami. Akaichukua karatasi yangu ya utafiti, akaikunja akaitia mfukoni.

Hatimaye wakaniita. Daktari akasema mshipa ulioziba umefunguka, ila tusiseme amepona, saa hizi za mwanzo ndizo mbaya. Hakunitazama usoni, na mimi sikumlaumu.

Mjomba alikuwa amefumba macho, mrija puani, na pembe ya mdomo imepanda kidogo, kama anavyofanya akitaka ushtuke ili akucheke. Utoto wangu wote nimeuamini uso huo kuwa ni utani. Leo sikuuamini. Nikaweka kiganja kwenye paji lake.

Kavu, na lina joto.

Simu ya Mama ikaita tena. Nikaipokea kwa mkono wa pili. Wa kwanza niliuacha palepale.