Mnada Kabla ya Neno

Kanisa la kilimani, Qurus, lilikuwa na kila kitu kinachotakiwa na kanisa: kengele ya rimu ya gari, kitambaa cha kijani madhabahuni, na Mwinjilisti Emilian. Kilichopungua ni watu. Vijana walikuwepo, ila nje, juu ya pikipiki zao, wakisubiri ibada iishe. Kwa desturi sadaka za mazao hunadiwa uwanjani baada ya ibada, na hapo ndipo Roho alipowashukia. Waligombea boga kama urithi wa baba yao.

Sasa Mkuu wa Jimbo alikuwa ametuma neno: Jumapili ijayo anakuja. Asipoona vijana ndani, kanisa linafungwa na waumini wanahamia mjini Karatu. Emilian alibatizwa humo, akafunga ndoa humo, na mkewe aliagwa humo. Alimfuata Inosenti, dereva wa watalii, aliyekuwa anafuta vioo vya gari.

"Mwanangu, mbona huingii?"

"Shikamoo, Mwinjilisti. Naingia, ila kwa simu. Nina mhubiri wangu, nikimwongeza kasi anamaliza kabla sijafika geti la Ngorongoro. Wewe huongezeki kasi."

"Na ukweli wa Mungu?"

"Upo. Kila mtu na wake."

Dada yake Inosenti, Selina, anayefanya kazi loji ya watalii, akaingilia kwa upole. "Mimi nimechukua nyimbo za kwenu, maombi ya Wapentekoste, na ule ukimya wa wageni wa lojini, wa kukunja miguu na kufumba macho. Usikasirike, Mwinjilisti. Vya kwenu vizuri tu."

Vya kwenu! Na wote wawili aliwabatiza yeye, wakilia kwa zamu.

Wiki nzima alifikiri, mpaka likamjia wazo lililong'aa, kama yalivyo mawazo yote yanayoleta msiba: mnada utangulie, Neno lifuate. Tena ndani.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mkuu wa Jimbo aliketi mbele, akitabasamu kwa joho lote. Emilian alinadi kama aliyezaliwa sokoni.

"Jogoo wa Bibi Germana! Anaamka mapema kuliko ninyi nyote!"

"Ndiyo maana anauzwa!" akajibu Inosenti, kanisa likaangua kicheko, na jogoo akawa wake. Mkuu mwenyewe alijipatia mkungu wa ndizi. Kwa dakika hizo chache Emilian aliamini kwamba ameokoa jahazi.

Kabichi ya mwisho ikaenda. Akafungua Biblia, akakohoa kidogo.

"Bwana asema hivi..."

Pikipiki zikajibu, zote kwa pamoja.

Vumbi lilipotulia walibaki Bibi Germana, ambaye masikio yalishamtupa, na Mkuu na ndizi zake. Emilian akahubiri hivyo hivyo. Katikati ya mahubiri mlango ukafunguka, akaingia Inosenti. Moyo wa mwinjilisti ukaruka. Akanyamaza ili mwana mpotevu apate kuketi. Inosenti akanyata, akainama chini ya benchi, akatoka na jogoo kwapani.

"Endelea tu, Mwinjilisti. Nilimsahau."

Mkuu alingoja baraka, akaitikia amina, kisha akanyoosha mkono. Emilian akaushika kwa mikono yake miwili.

"Kunadi unajua, Emilian," Mkuu alisema, akiuchomoa taratibu. "Nipe ufunguo wa kanisa."

Bibi Germana, ambaye hakusikia chochote, akauliza kama Jumapili ijayo alete jogoo mwingine.

"Lete, Bibi," Emilian akapaza sauti. "Lete."