Sauti Iliyoachwa Kwenye Grupu

Ng'ombe waliingia shambani kwa Serafina mpunga ukiwa ndiyo kwanza unatoa masuke, wakala wakabakiza matope. Alilia mpaka akachoka. Kisha akafungua simu na kuandika kwenye grupu la wakulima wa kijiji, ambalo yeye ndiye alikuwa admini: "Mtendaji wetu wa kijiji anakula na wenye ng'ombe. Ndiyo maana kesi zetu zinafia mezani kwake."

Dakika mbili hazikupita, Remigius, mwenye mashine ya kukoboa, akatuma sauti. "Hawa Wasukuma si watu, ni nzige. Tuchome maboma yao, warudi walikotoka!"

Serafina aliisikiliza mara mbili. Angeweza kuifuta. Hakuifuta.

Siku ya tatu boma la Mashimba, mfugaji wa Kisukuma wa ng'ambo ya mto Lumemo, liliteketea pamoja na ndama kumi na mmoja. Mkewe aliungua mikono yote miwili akijaribu kuwafungulia. Siku ya nne polisi walikuja kijijini, wakamchukua Serafina.

"Umemchafua kiongozi mtandaoni," afande alimwambia kituoni. "Hilo ni kosa kisheria. Andika kwenye grupu kwamba unaomba radhi, uende nyumbani."

"Na aliyesema watu wachomwe?"

"Yule alikuwa na hasira tu. Mkulima akiumia huropoka."

"Kwani mimi sikuumia?"

"Mama, kakae pale ufikirie."

Alikwenda kukaa kwenye benchi. Pembeni yake alikuwepo mwanamume aliyevaa shati lenye masizi. Alikuwa Mashimba, aliyefika tangu asubuhi kutoa taarifa ya moto na kuambiwa asubiri.

"Wewe ndiye admini?" Mashimba aliuliza taratibu. "Ile sauti nilirushiwa na mtu. Ilikaa kwenu siku nzima na ya pili yake. Mbona hukuitoa?"

"Ng'ombe walimaliza mpunga wangu."

"Wangu wako malishoni Mlimba tangu Januari."

Serafina alijua kwamba uongo wowote ungetoka kwa urahisi.

"Hata wangekuwa wako," alisema mwishowe. "Niliiacha kwa sababu ilinifurahisha."

Mashimba aligeuza uso. Serafina aliinuka, akarudi kaunta.

"Mtendaji simwombi radhi. Andika maelezo yangu. Sauti ile ni ya Remigius, ilitumwa Jumatatu asubuhi, na mimi nikaiacha."

"Mama, unajitia kitanzi mwenyewe."

"Andika!"

Afande aliweka kalamu chini. Hapo Mashimba akasogea, akainua simu, akaifungulia ile sauti kwa nguvu zote. *Si watu, ni nzige.* Watu wote waliokuwa wakisubiri kaunta waligeuka kumtazama afande. Akaiokota kalamu.

Remigius aliitwa kesho yake, na jioni alikuwa kwake akila wali. Serafina alilala mahabusu siku mbili, na kesi yake ya kumchafua mtendaji ikapangiwa tarehe. Wakulima walifungua grupu jipya bila yeye, wakamwita msaliti. Kisimani majirani hawaitikii salamu yake.

Kila Jumatatu huenda kituoni kuuliza jalada la Remigius limefikia wapi. Afande akimwona hujifanya anaongea na simu. Serafina husimama pale pale kaunta, macho makavu, mpaka aikate.