Mashine Isiyojua Shikamoo

Aliyemshinda Mwalimu Gerson kwa mara ya kwanza hakuwa na mikono. Alikuwa amelala juu ya meza ya barazani, bapa, rangi ya kahawia, mgongo wake umechorwa miraba na kingo zake zimetobolewa vitaa vidogo vyekundu. Ilikuwa mashine ya sataranji. Gideoni, mwanawe aliyekuwa masomoni Ujerumani, alikuwa ameituma kwa mkono wa rafiki yake Respicius, na Respicius alishinda mchana mzima akimwonyesha mzee njia za kete: ngome hunyooka, askofu hukata pembe, farasi huruka akikunja kona. Kisha akaaga, akawaacha wawili hao wapambane.

Mwalimu alisukuma askari wake kwa kishindo cha mtu aliyezoea kutiiwa. Mashine ikatulia kidogo, ikalia pii, vitaa vikawaka kuonyesha kete yake inatoka wapi na inakwenda wapi. Haikuweza kuisogeza yenyewe. Ilibidi mpinzani aifanyie kazi hiyo. Basi Mwalimu, kwa mkono wake mwenyewe, alimtoa malkia wa adui, akamvusha uwanja, akamwingiza ndani ya boma lake. Chai haijapoa, mfalme wake hana pa kukimbilia.

"Imeharibika," akasema.

"Imeharibika vipi?" akauliza Lea, mkewe, aliyekuwa akichambua mlenda kizingitini.

"Haina adabu."

Lea aliinamia ungo wake ili kicheko kisionekane.

Ni kweli kwamba Mwalimu Gerson hakuwa na uzoefu wa kushindwa. Alikuwa mkuu wa shule hadi alipostaafu, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule wa Dodoma walikuwa wamepita chini ya fimbo yake. Katika drafti hakuwa na mpinzani. Nyumbani, shauri lolote lilikwisha aliposema, "Nimeshasema." Hakuwa mkatili, alipenda watu wake na aliwatakia mema. Lakini mema hayo aliyachagua yeye, kama mtu anayewanunulia wenzake viatu bila kuwapima miguu.

Kesho yake alirudi kwenye mashine, akachapwa. Keshokutwa vilevile. Alibadilisha betri, akachapwa kwa betri mpya. Mashine ilikuwa na ngazi kadhaa za ukali, na kwa aibu akaishusha hadi ya chini kabisa, ambako pia ilimla malkia bila kumwomba radhi. Haikumcheka, haikumwonea huruma. Haikujua kama aliwahi kuwa mkuu wa chochote. Na polepole, bila yeye kujua ni lini, hasira ikageuka hamu. Alianza kuamka akiwaza farasi. Akiwa anakula, kijiko kilisimama hewani kwa sababu amegundua kwa nini ngome yake ilinaswa jana. Siku moja Lea alimsikia akiiambia mashine, "Loo, hapo umeniweza, bwana!" kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki njiani.

Halafu ikaja asubuhi ya upepo mkali, vumbi likipiga madirisha, ambapo vitaa vya mashine vilimeta jinsi visivyowahi kumeta hapo kabla. Mfalme wa mashine alikuwa amebanwa kona. Mwalimu alikagua, akakagua tena, kisha akatoa ukelele uliowatawanya kuku wa jirani. Akamshika Lea mikono, wakacheza ngoma barazani, mzee na kipara chake, akiimba wimbo wa mavuno wa kwao Mlali.

Ushindi ule ulikuwa na ladha ngeni. Ni ladha hiyo iliyomharibia drafti.

Jumamosi alikuja Ludovick, mwalimu mwenzake wa zamani, kama ilivyokuwa desturi yao. Walicheza hadi Mwalimu Gerson alipoacha kete wazi kwa bahati mbaya. Jicho lake, lililokwisha kunolewa na mashine, liliona kosa mara tu alipoachia kidole. Akasubiri kuliwa. Ludovick akakuna kidevu, akasogeza kete nyingine kabisa.

"Kwa nini hukula?"

"Sikuona, Mwalimu."

"Umeona, Ludovick."

Ludovick alitazama sakafu. "Mwalimu, wewe ulikuwa mkuu wangu. Mtu unamlaje mkuu wake?"

"Tangu lini?"

"Tangu nilipohamishiwa shuleni kwako," akasema Ludovick kwa sauti ndogo.

Mgeni alipoondoka, Mwalimu alimfuata mkewe uani. "Lea, na wewe ulikuwa unaniachia?"

"Mimi? Mimi niliacha kucheza nawe tulipooana tu," Lea akajibu akiendelea kuanika nguo. "Kumwachia mtu ashinde kila siku kunachosha."

Mwalimu alikaa peke yake barazani mpaka kivuli cha ukuta kilipomfikia miguuni. Ushindi wa drafti aliweza kuusamehe. Kilichomkereketa ni swali lililofuata: ni wapi kwingine walikomwachia?

Binti yake Erica alitokea na chai. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, na Mwalimu alikuwa ameshamtafutia nafasi ya ukarani ofisini kwa rafiki yake. Alipoambiwa, Erica alisema, "Asante, Baba," na Mwalimu alilala usingizi mzuri.

"Keti," akamwambia. "Wewe umekuwa ukinitazama nikicheza. Zima mashine, tucheze sisi."

Erica alicheza kwa unyenyekevu, kete zake zikirudi nyuma kama watu wanaompisha mzee njiani. Mwalimu alimrudishia moja mkononi. "Usinihurumie. Cheza kweli."

Binti akamtazama kuhakikisha. Kisha akavuta kiti karibu. Farasi wake akaruka, askofu akafungua njia, na kabla ya muda mrefu Mwalimu alikuwa akitokwa na jasho huku akitabasamu.

"Baba, mfalme wako yuko hatarini."

"Namwona."

"Baba." Mkono wake ulikuwa bado juu ya kete. "Ile kazi ya ofisini siitaki."

Upepo ulipeperusha pazia. Lile neno lake la siku zote lilimjia Mwalimu hadi ncha ya ulimi, limevaa sare, tayari kwa gwaride. Akalishikilia kinywani, kama alivyojifunza kushikilia mkono kabla ya kugusa kete.

"Unataka nini?"

"Zabibu. Nipande kwenye lile shamba la kule Mpunguzi ulilolilaza. Siku hizi mtu anaruhusiwa kumuuzia amtakaye. Nitauza mbichi, nitakausha, nitakamua juisi." Alisema haraka, kama anayeogopa kukatizwa, na alipoona hakatizwi, akasema polepole. Akaeleza kuhusu miche, nguzo na maji ya kisima. Mwalimu aliuliza, akajibiwa, akapinga, akapingwa. Katikati ya mabishano Erica alisogeza ngome, na mfalme wa baba yake akafungwa. Hakuna aliyeshangilia, walikuwa mbali, shambani.

"Na mzabibu ukishapandwa," Mwalimu akauliza, "huzaa baada ya muda gani?"

Erica akasita. "Hilo sijui, Baba."

"Hata mimi sijui," akasema Mwalimu Gerson.

Jikoni, Lea aliyekuwa akichekecha unga alisimamisha chekeche, akageuza sikio kuelekea barazani.

"Basi kesho," sauti ya mumewe ikaendelea, "twende wote tukaulize."